Matusi ya mazoea kazini: tukiridhiana, bado ni dhambi?

Swali

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni kiongozi wa kikundi cha makuli tunaopakua magunia ya dagaa hapa mwaloni Kirumba, Mwanza. Tuko mchanganyiko, Waislamu na Wakristo, Wasukuma, Wajita, Wakerewe, Waha. Matusi kwetu ni kama salamu, hata ya nguoni na ya mama wa mtu, na hakuna anayekasirika. Wenzangu wanasema ni utani tu, na bila hivyo kazi haiendi. Je, tukiwa tumeridhiana bado ni dhambi? Yanatengua udhu au kufunguza swaumu? Na ujira wangu una kasoro? Tuliwahi kuweka faini ya shilingi 1,000 kwa kila tusi. Mimi mwenyewe niliapa, "Wallahi sitatukana tena kazini," kisha nikateleza. Nifanyeje?

Jibu

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, nianze na hilo la kuridhiana, maana hoja yenu nzima imeegemea hapo.

Tusi lina haki mbili ndani yake, haki ya mja na haki ya Mwenyezi Mungu. Mwenzako akisema "mimi sikukasirika," amesamehe ya kwake. Ya pili hana mamlaka nayo. Uchafu wa ulimi umekatazwa wenyewe, aumie mtu asiumie. Mtume (S.A.W.) amesema katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Ibn Mas'ud kuwa muumini si mwenye kutia watu ila, wala si mwenye kulaani, wala si mwenye maneno machafu, wala si mwenye ulimi wa ufidhuli. Hapo hakusema "isipokuwa wakizoeana."

Kisha tusi la mama. Ninyi wawili mmeridhiana, sawa, lakini anayetukanwa hayupo hapo. Yuko kisiwani Ukara anapalilia mihogo yake, hajui kama jina lake linaburuzwa mwaloni. Nani amewapa ruhusa kwa niaba yake? Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Amr kwamba Mtume (S.A.W.) alisema ni katika madhambi makubwa mtu kuwatukana wazazi wake. Maswahaba wakauliza, hivi kuna mtu anayewatukana wazazi wake? Akajibu kwamba mtu humtukana baba wa mwenzake, naye akatukaniwa baba yake, na humtukana mama wa mwenzake, naye akatukaniwa mama yake. Huo ndio mchezo wenu wenyewe. Kila unapomrushia mwenzako mama yake ukijua atakurudishia wako, umemuuza mama yako kwa kicheko.

Na hili la "hakuna anayekasirika" nina shaka nalo, hasa likisemwa na kiongozi. Wewe ndiye unayepanga nani apakue boti inayofuata. Kibarua anayecheka ukimtukana huenda anacheka kwa sababu kesho anataka kuitwa tena, na kicheko cha mwenye kuhitaji riziki hakihesabiwi kuwa ridhaa. Abu Dharr (R.A.), swahaba mwenye cheo chake, alimtukana mtu kwa kumtaja mama yake. Mtume (S.A.W.) akamwambia, "Hakika wewe ni mtu ambaye ndani yako mna ujahili." Papo hapo akaunganisha na habari ya wanaotumikishwa: ni ndugu zenu, Mwenyezi Mungu amewaweka chini ya mikono yenu, msiwakalifishe wasiyoyaweza, na mkiwakalifisha basi wasaidieni. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Tazama jinsi tusi la mama na uzito wa mzigo vilivyowekwa katika maneno yale yale.

Matusi nayo hayalingani. La chini kabisa ni lile linalomtoka mtu gunia likimponyoka na kumwangukia mguuni, halimlengi yeyote. Ni makruhu, na likiwa la nguoni ni uchafu wa kuombewa maghfira. Juu yake ni kumtweza mtu kwa umbile, kabila au lakabu asiyoipenda, jambo ambalo Qur'ani 49:11 imelikataza waziwazi, kwa wanaume na kwa wanawake. Katika fungu hili, hapa Kanda ya Ziwa lipo moja nisiloweza kulipita. Kumwita mwenye ualbino "dili," yaani kitu cha kuuzwa upate fedha, hata kwa mzaha, si utani. Watu wameuawa katika mikoa yetu kwa sababu ya fikra iliyomo ndani ya neno hilo. Anayelitamka na anayelichekea wote wamo hatarini.

Zaidi ya hapo ni kulaani. "Mungu akulaani" limekuwa jepesi midomoni, ilhali Bukhari na Muslim wamepokea kuwa kumlaani muumini ni kama kumuua. Abu Dawud naye amepokea kutoka kwa Abu Dardaa kwamba laana hupanda mbinguni, milango ikafungwa, ikashuka ardhini, milango ikafungwa, ikazunguka kulia na kushoto. Ikikosa njia humwendea aliyelaaniwa kama anastahiki, na kama hastahiki humrudia aliyeitoa. Hata upepo unaochelewesha boti msiulaani. Tirmidhi amepokea katazo lake kutoka kwa Ubayy bin Ka'b, pamoja na amri ya kuomba kheri ya upepo huo na kujikinga na shari yake.

Kisha kuna lile ambalo wengi hawajui kuwa limevuka mpaka: "mwana haramu," "malaya," "mama yako alikuzaa kwa fulani." Maneno hayo yana maana ya tuhuma ya zinaa, na mwenye kuwatuhumu wanawake watahirifu asilete mashahidi wanne ametajiwa katika Qur'ani 24:4 viboko 80 na kukataliwa ushahidi wake. Adhabu hiyo ni ya mahakama yenye mamlaka ya kisheria, haiko mikononi mwa mtu mmojammoja wala kikundi. Nimeitaja upate kujua uzito wake. Mkitaka kuanza kusafisha mahali, anzeni hapa.

Na la juu kuliko yote ni kumtukana Mwenyezi Mungu, Mtume au dini, ambalo mzaha hauwi udhuru kwake. Someni Qur'ani 9:65 na 66. Kwa kuwa mko na Wakristo, shikeni pia 6:108, aya inayokataza kutukana wanavyoviabudu wengine wasije wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa chuki bila ya kujua. Kutania Kwaresima ya mwenzako leo ni kufungua mlango wa Ramadhani yako kutaniwa kesho.

Utani wa makabila haukukatazwa kwa asili yake. Mtume (S.A.W.) alitania, na alipoulizwa alisema kwamba hasemi ila kweli. Mtanie mtani wako kwa ulaji wake wa ugali, kwa ubahili wake, kwa lafudhi yake, maadamu mwenyewe anafurahi na hakuna uongo, nguo za ndani wala mzazi ndani yake. Wazee wetu walitaniana mpaka msibani na mipaka waliijua. Siku hizi neno "utani" limekuwa gunia la kufichia kila kitu.

Kuhusu kazi kutokwenda bila matusi, Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka 10, na amesema hakuwahi hata kuambiwa "uff," wala "kwa nini umefanya hili?" Tena tazameni kazi yenyewe. Mtu yuko juu ya ubao mwembamba kutoka botini, gunia kichwani, haoni miguu yake. Ukimpigia tusi umemshtua, hujamwambia ashike wapi. Kubalianeni amri fupi kabla ya boti kufunga: "ngoja," "shika," "kushoto," "kichwa." Zinatosha, na anayebeba anajua la kufanya. Matusi mazito zaidi hutoka jioni wakati wa hesabu, kwa sababu hapo hasira ni ya kweli. Basi gunia lihesabiwe linapovuka ubao, kwa kijiti au alama ya kalamu, mbele ya mwenye mzigo na mtu mmoja wa kikundi, na bei isemwe asubuhi. Ugomvi mwingi utakosa pa kuanzia.

Ukishikwa na hasira, sema "A'udhu billahi minash-shaytwanir-rajim," kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Ukiwa umesimama, kaa chini, na isipoondoka ulale, kwa hadithi ya Abu Dharr katika Abu Dawud. Ama kutia udhu wakati wa hasira, isnadi (mlolongo wa wapokezi) ya hadithi yake imetiliwa shaka na baadhi ya wanavyuoni, lakini hakuna ubaya kuinama ziwani ukaosha uso na mikono.

Mwenzako akikuanza? Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kuwa wanaotukanana, dhambi ni ya aliyeanza maadamu aliyedhulumiwa hajavuka mpaka. Kwa hiyo una haki ya kujibu kwa kadiri, kama kumwambia "wewe ni dhalimu." Huna ruhusa ya kujibu kwa uongo, kwa tuhuma ya zinaa wala kwa kumtaja mzazi wake, hata kama yeye amemtaja wako. Kusamehe ni bora, kwa 42:40.

Udhu hautenguki kwa matusi. Wapo wanavyuoni waliopendekeza kuutia upya baada ya maneno maovu, nalo ni jambo zuri, si wajibu. Swaumu inasihi na hailipwi, lakini thawabu zake huliwa, na mfungaji akitukanwa amefundishwa kusema, "Mimi nimefunga." Ujira wako ni halali, kwa sababu umelipwa kwa kubeba, hukulipwa kwa kutukana.

Sasa faini. Nia ni njema, namna ndiyo yenye kasoro. Katika kauli inayotegemewa ya madhehebu ya Shafi, adhabu ya mali haitozwi kwa nguvu, sembuse kikundi cha makuli kisicho na mamlaka ya kihukumu. Kumkata mtu 1,000 katika malipo yake bila ridhaa ni kula mali yake kwa batili. Zilizokatwa hivyo zirudishwe, au kila mmoja aulizwe peke yake, si mbele ya kundi, kama anaziachia. Anayetaka kujitoza kwa hiari atoe sadaka. Lakini mwenye kutamka, "Nikitukana, ni juu yangu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu kutoa 1,000," ameweka nadhiri ya kujizuia. Akitukana ana hiari, atoe alichokitaja au atoe kafara ya kiapo.

Na kiapo chako kimevunjika, una kafara. Kwa 5:89, lisha masikini 10 au wavishe 10. Kuacha huru mtumwa kumetajwa pia, nako leo hakupo. Kila masikini apewe mudi moja ya chakula kikuu cha mji, ambayo ni chopa la mikono miwili ya mtu wa wastani, kile wazee walichokiita kibaba. Kwa mchele haifiki kilo. Ukitoa robo tatu ya kilo kwa kila mmoja umetoka katika shaka, na jumla ni kilo saba na nusu. Mahindi pia yanafaa Mwanza. Kwa madhehebu ya Shafi toa nafaka, usitoe unga wala fedha, na wawe watu 10 kweli, Waislamu, wasiokuwa mkeo wala watoto unaowalisha. Kumpa mtu mmoja mafungu 10 hakutoshi. Ukichagua nguo, shati au kanga kwa kila mmoja inatosha.

Kosa la wengi ni kukimbilia kufunga siku tatu. Kufunga ni kwa asiyeweza kulisha wala kuvisha. Ukiwa huna kweli, funga, na si lazima siku zifuatane. Kafara ni moja tu, kwani kiapo chako kilikwisha ulipoteleza mara ya kwanza. Matusi yaliyofuata yana dhambi yake, hayana kafara nyingine, isipokuwa umeapa upya. Ushauri wangu, usiape upya. Ulimi uliozoea miaka hauzuiwi kwa "wallahi," na "wallahi" za mwaloni tayari ni nyingi.

Yaliyobaki ni toba: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudi, na kuwarudishia watu haki zao kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu, kama alivyopokea Bukhari. Uliyemtukana akasikia, mwendee na ulitaje kosa kwa jumla, "nilikutukania mama yako mbele za watu." Usilirudie tusi lenyewe. Kama ulimtukana mbele ya kikundi, mtakie radhi mbele yao. Ujumbe wa simu wa "tusameheane" unaotumwa kwa watu 200 mwezi wa Shaabani haumalizi deni la mtu mmoja uliyemdhalilisha. Mkristo ana haki hiyo hiyo, kwani dhuluma haichagui dini. Kama tusi halikumfikia mwenyewe, na mama za watu wengi wako hivyo, usimpelekee habari ukazua fitina. Mwombee dua na umtaje kwa wema palepale ulipomtukana. Na aliyekwisha hamia visiwani usijue pa kumpata, mwombee, toa sadaka kwa niaba yake, na siku akishuka na boti mwaloni mmalizie.

Wallahu aalam.