Kuruka Melaleuca Jumatatu, kurudi nyumbani Jumamosi? Futa hiyo ratiba

Mkuu, usilipe hata senti. Umesema unaruka Jumatatu kutoka Hobart, kule Tasmania, Australia, mpaka Melaleuca porini, unatembea njia ya miguu ya South Coast Track siku sita hadi Cockle Creek, halafu Jumamosi usiku uko kwenye ndege ya kurudi nyumbani. Siku ya akiba iko wapi?

Ratiba ya aina hiyo niliuziwa na mimi. Wakala, bila kupepesa macho, alisema vindege vile vinaruka kila siku "kama basi tu". Aliniingiza mjini mchana kweupe. Siku ya safari pale Cambridge, kiwanja cha ndege cha karibu na Hobart, jua linawaka, mimi na begi langu tumeshapanda mizani, rubani anatoka na kikombe cha chai mkononi: "Leo hatuendi." Nikadhani utani. Kumbe kindege kinaruka kwa macho, lazima rubani aione milima. Na kusini magharibi mwa Tasmania ndiko pepo za magharibi zinakomwaga mvua yote ziliyobeba baharini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hobart imejificha nyuma ya milima, kukavu. Kwa hiyo unaota jua Hobart huku Melaleuca imefunikwa na wingu. Kesho yake, hadithi ileile. Mhudumu akaanza kuniita kwa jina. Kidogo anipe na ufagio.

Hasara yenyewe ilikuja baadaye. Nilipofika Melaleuca siku zilikuwa zimeshaliwa, na njia ni kilomita 85 hivi bila barabara yoyote katikati. Huwezi kukatisha. Safu ya milima ya Ironbound Range inapanda mpaka karibu mita 900, na hali ikichafuka watu wenye akili husubiri kambini Louisa River. Mimi nilikuwa na tiketi, akili nikaiacha kambini. Nilipanda kwenye upepo unaokusukuma pembeni, nikashuka upande wa pili kwenye tope na mizizi mpaka goti likavimba. Baada ya hapo nikawa nachechemea, na ndege ya nyumbani ikaondoka bila mimi. Tiketi mpya, bei ya kulia. Wakala? Tiki mbili za buluu, kimya mpaka leo.

Rubani simlaumu hata kidogo. Anayekataa kuruka ndiye wa kupanda naye.

Kwa hiyo weka siku mbili za akiba, chini ya hapo usiende. Na tiketi ya nyumbani iwe ya kubadilishika, hata kama ni ghali. Siku mbili, mkuu. Ukimaliza mapema, kaa Hobart ule samaki.

Kiti cha dirishani usihangaike, kindege kidogo hivyo karibu kila kiti kina dirisha. Mtungi wa gesi usiuweke kwenye begi, hauruhusiwi ndani ya ndege. Waulize wenye ndege mapema namna ya kuupata Melaleuca. Viatu sijui uliuliza nini, nimesoma tarehe nikapandwa na hasira. Weka ratiba mpya hapa tuione.