Mwanangu, mguu wa baba yako usiouma ndo unaonitia hofu

Marahaba mama, shikamoo yako imefika, na baba yako anakusalimia ingawa najua ameshanishtaki kwako kwenye simu. Umeniuliza mambo mawili: kwanini tulikubali akatwe kile kidole cha pili cha mguu wakati mwenyewe anaapa kilikuwa hakimuumi, na kwanini saa hivi kidonda kimefunga, vidonge kamaliza, lakini mimi bado namzuia kwenda kuzunguka Tandika na kila jioni namwambia alete miguu niione. Uko Mwanza, unasikia upande mmoja tu, kwahiyo ngoja nikueleze kwa kirefu.

Huko kutokuuma ndo ugonjwa wenyewe mwanangu. Mgonjwa wa sukari kama baba yako, sukari ikikaa juu kwenye damu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu, inaanzia vidoleni na kwenye nyayo, mguu unakufa ganzi taratibu mtu hajui. Siku ile karudi kutoka Kariakoo akavua kiatu sebuleni, soksi imeloa damu kwa mbele, nikachukua kile kiatu nikakikung'uta kikadondoka kizibo cha soda, vile vimeno vyake vimelala kwa juu. Katembea nacho kutwa, kapanda nacho daladala, kasimama nacho, na alipokiona akaniuliza hiki nacho kimetoka wapi. Mimi na wewe tungepiga kelele hatua ya kwanza tu.

Baada ya siku chache kidole kikavimba kikawa cheusi kinang'aa. Vitabu vinasema angalia wekundu, kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, weka mgongo wa mkono wako pale alafu uweke kwenye mguu wa pili, ule wenye maambukizi unafuka joto. Na homa hakuwa nayo kabisa! Wagonjwa wengi wa sukari mguu unaharibika hawana homa, kinachoonekana ni sukari inapanda tu bila sababu. Ndo nikamwambia twende leo leo.

Hospitali daktari alishika kwanza mapigo ya damu, juu ya mguu na nyuma ya kifundo, maana damu isipofika hata dawa haifiki. Mapigo yalikuwepo, alhamdulillah. Alafu akachukua kijichuma butu akakiingiza kwenye kidonda kikagota mfupa, eksirei nayo ikaonyesha mfupa umeshaliwa. Hapo ndo jibu la swali lako la kwanza. Maambukizi ya nyama tu mara nyingi ni antibayotiki ya wiki 1 mpaka 2, lakini yakiingia kwenye mfupa na mfupa ukaachwa ni kama wiki 6 za dawa, na bado wengine haiponi. Kwa baba yako mfupa ulishakuwa unabomoka na usaha unazidi kupanda, daktari akasema nitoe hiki kidole mguu ubaki, na mimi ningemwambia hivyo hivyo tena leo.

Najua huko mtaani wanasema ukikatwa kidole ndo safari ya kukatwa mguu mzima imeanza. Wanaosema hivyo wanawaona waliochelewa, mtu kakaa nyumbani mwezi mzima anamwagia unga wa kapsuli juu ya kidonda, anakanda na maji ya moto yanayomuunguza hasikii, anafika hospitali mguu unanuka, hapo daktari atafanyaje? Ila sikufichi, aliyekatwa kidole yuko kwenye hatari kuliko ambaye hajakatwa, sio kwasababu kisu kimeleta mkosi, ni kwasababu ganzi bado ipo palepale na uzito wa mwili sasa unaangukia sehemu nyingine ya unyayo.

Na ile sindano ya insulini shangazi yako aliyolilia simu nzima akidhani ndo mwisho wa kaka yake, ilikuwa ya kushusha sukari, maambukizi yanapandisha sukari na sukari ikiwa juu kinga ya mwili haipigani vizuri, vinalishana hivyo. Antibayotiki nayo hawakubahatisha, walisafisha kidonda kwanza wakachukua kipande cha nyama kutoka ndani kabisa kikaenda maabara, ile ya kufuta usaha wa juu na pamba inadanganya. Kwahiyo kaka yako akisema kuna dawa kali duka la jirani mwambie aiache hukohuko.

Swali la pili sasa. Kuna daktari Mwingereza, Paul Brand, alienda Vellore kule India mwaka 1946 akafanya kazi na wagonjwa wa ukoma, akaona vidonda vyao vya miguu vinatokana na kukosa maumivu, mtu anakanyagia palepale penye jeraha kila siku, akawa anawafunga plasta ngumu kama ya aliyevunjika mguu na vidonda vikafunga. Mpaka leo mgonjwa wa sukari anatibiwa kwa njia hiyohiyo, kumpunguzia unyayo uzito. Dresingi safi sawa, nesi kutoa nyama iliyokufa na zile sugu za pembeni kwa wembe sawa, dawa sawa, lakini akiendelea kukanyaga vyote hivyo kazi bure. Baba yako anaona kulala ni uvivu, mimi naona pale alipokaa tu miguu juu ndo alikuwa anatibiwa.

Na kufunga sio kupona. Ngozi ile mpya ni laini, chini yake bado nyama haijakomaa. Kati ya watu kumi ambao kidonda kimefunga, kama wanne kinawarudia ndani ya mwaka 1. Ndo maana Tandika namwambia subiri, tunaanza na dakika chache mpaka msikitini na kurudi, amevaa viatu, sio malapa, kesho yake naangalia kama kuna pamoto. Baada ya udhu anafuta katikati ya vidole pakauke, mafuta anapaka juu na chini ila sio katikati ya vidole. Kiatu kinakung'utwa kabla mguu haujaingia. Na neti ya kitanda naichomekea vizuri chini ya godoro, sio kwa ajili ya mbu peke yake. Hapa hapa Dar Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa sukari waliong'atwa miguu na panya usiku wamelala na hawakushtuka. Niliposoma hiyo sikulala vizuri.

Ukimpigia usimuulize kama mguu unauma, atakwambia hauumi na atakuwa anasema kweli. Muulize leo umeangaliwa? Kuna joto? Sukari asubuhi ilisomaje?

Zile raba ulizotaka kumtumia zisubiri kwanza. Alhamisi tuna kliniki, watatuambia kama kiatu kiwekwe soli ya kukatiwa maalum sehemu ya kidole kilichotoka. Jioni nitamchorea mguu kwenye karatasi, jioni ndo unakuwa umevimba kidogo, nikutumie picha na vipimo vya urefu na upana. Utafute cha ngozi laini, kipana mbele, kisicho na mshono kwa ndani, cha kufunga kwa kamba au mkanda. Bei usijali, niambie tuchange na kaka yako.