Kijana wa Mbita, soma mwamba kabla ya mfupa

Jumapili asubuhi, kabla sijamaliza chai, ujumbe uliingia kwenye simu: "Mwalimu, habari ya asubuhi. Nimepata mfupa wa dinosaria huku Mbita. Nifanye nini nijulikane?" Picha tatu zikafuata. Mfupa wa rangi ya hudhurungi umelazwa juu ya gazeti, kando yake sarafu ya shilingi 20 ili nione ukubwa.

Nilimjibu kwa ufupi. Jibu refu nawaandikia nyote, maana najua wengi mnaosoma hapa mnaota ndoto hiyo hiyo, kuwa wa kwanza kutoa dinosaria kanda hii ya Ziwa Victoria. Mimi niliiota kabla yenu na iliniumiza.

Ilikuwa 2011, niko kidato cha tatu. Mto Nyando ulifurika, ukingo ukabomoka karibu na shamba la mpunga la mjomba wangu kule Ahero. Maji yalipopungua nikaona kitu cheusi kimechomoza kwenye tope. Mfupa, mrefu kuanzia kiwiko changu hadi ncha za vidole. Nikautoa kwa jembe. Nikausugua kwa sabuni na brashi ya nguo, nikalala nao chini ya kitanda bwenini wiki mbili nzima. Siku ya kongamano la sayansi la wanafunzi niliuweka mezani, nyuma yake bango nililoliandika kwa mkono: DINOSARIA WA AHERO.

Jaji aliuinua, akaupima uzito kwa kiganja, akaugeuza upande uliovunjika. "Kiboko huyu. Tena wa juzijuzi." Akacheka, akaenda meza iliyofuata. Ukumbi wote ukacheka naye. Jina la Dino likanishika hadi namaliza shule.

Kukosea hakukuniuma. Kilichoniuma, na bado kinaniuma, ni kwamba mtu mzima mwenye elimu hakunipa dakika mbili za kunieleza kwa nini. Basi nieleze mimi.

Dinosaria walianza kuonekana yapata miaka milioni 230 iliyopita na, ukiacha ndege, wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita. Sasa zunguka kwetu. Mawe makubwa ya Kit Mikayi, karibu na Kisumu, yana zaidi ya miaka bilioni 2. Miamba ya Koru, Songhor na Rusinga ina miaka kama milioni 20 hadi 17. Tope la Ahero ni la jana. Katikati hapo hatuna kitu. Enzi za dinosaria nchi yetu hii ilikuwa imeinuka, mvua ikiikwangua na kupeleka udongo mbali, kwa hiyo hata kama walipita hapa, hakuna kilichowafunika. Uliza umri wa mwamba kwanza. Laiti ningeuliza.

Swali la pili ni la hali ya hewa ya wakati ule, na hapa ndipo mimi hukosa usingizi. Chukua kilima cha Tendaguru, Lindi, kwa jirani zetu Tanzania. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya wenyeji walichimba pale kwa ajili ya makumbusho ya Berlin, wakabeba mizigo kwa miguu hadi bandarini, zaidi ya tani 200. Giraffatitan, dinosaria mwenye shingo ndefu aliyesimamishwa Berlin, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa huko akapewa jina lake: Australodocus bohetii. Kila nikilitamka darasani kifua hunijaa.

Kwa nini pale? Miaka milioni 150 hivi iliyopita Tendaguru ilikuwa pwani yenye joto, ina mvua za msimu na kiangazi kirefu. Wale wakubwa wenye shingo ndefu walipenda joto, ndiyo maana mabaki yao ni haba sana karibu na ncha za dunia, ingawa dinosaria wengine wamepatikana hadi Alaska. Halafu mchanga na tope vikawafunika. Kule Gobi, Mongolia, kazi hiyo ilifanywa na matuta ya mchanga: mwaka 1971 walipatikana dinosaria wawili, Velociraptor mla nyama na Protoceratops mla majani, wameng'ang'aniana vilevile walivyofia vitani.

Msitu wenye mvua nyingi huwa hauna huruma hiyo. Udongo wake una asidi, mfupa unaliwa ukaisha. Rusinga palikuwa na msitu, lakini majivu ya volkano ya Kisingiri yenye chokaa yaliituliza ile asidi, ndiyo sababu mtafiti Mary Leakey alikuta fuvu la Proconsul, nyani wa kale, pale mwaka 1948. Hali ya hewa ya leo nayo ina neno lake. Mifupa ya dinosaria wa Kenya imepatikana vilima vya Lapurr, Turkana, ambako miamba ni ya umri unaofaa na jua limeiacha uchi. Mwamba kama huo ungekuwa chini ya msitu wa Kakamega, nani angeuona?

Kwa hiyo, wadogo zangu, ulizeni umri wa mwamba. Ulizeni kama mfupa ulilala chini ya maji, mchanga au majivu. Na wekeni jembe chini! Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inataka ugunduzi uripotiwe, na kuchimba kunahitaji kibali. Mfupa uliong'olewa bila kujua ulikolala umepoteza nusu ya habari zake. Tamaa ya kujulikana ndiyo inayotuharibu, nasema haya nikiwa nimeharibu. Mwezi uliopita msichana wa kidato cha pili katika klabu yangu alikaa kitako nusu saa Songhor akichora kipande cha taya daftarini, asikiguse hata kwa ukucha. Nilitamani yule jaji angekuwepo.

Mfupa wa Mbita si dinosaria. Ila kwenye ufa wake nimeona majivu ya kijivu yaliyogandamana, na hayo si tope la juzi. Nilimwomba aurudishe alikoutoa tukutane huko Jumamosi pamoja na mtu wa makumbusho. Jana jioni akajibu: "Sawa mwalimu. Nimeweka mawe matatu pale nilipoutoa, na nimemwambia mama asipitishe mbuzi."