Choma hilo daftari, mkuu

Mkuu, choma hilo daftari. Leo. Nimesoma mpango wako wa "kukua katika neema" uliouweka hapa jukwaani ukiomba ushauri: daftari la alama kwa kila saa ya maombi, alama zinakatwa ukikasirika, na ukianguka huombi tena mpaka umalize siku 3 za kufunga ili kujitakasa. Nikahisi kuna mtu kaiba daftari langu la zamani akalibandika hapa. La kwangu hata wino mwekundu lilikuwa nao. Nilikuwa mhasibu wa roho yangu mwenyewe, tena mhasibu mkorofi.

Hilo la alama ni ujinga mdogo, linatibika. Linaloua ni kusubiri. Mimi nilifundishwa na mwalimu mmoja wa Neno, suti safi, sauti nzito, kwamba Mungu hasikilizi mtu mchafu, kwa hiyo lipa kwanza ndipo uingie. Nikaamini. Kosa jipya nafunga siku 3, kosa la kurudia siku 7. Shida ni kwamba siku ya pili, njaa ikikolea, unamfokea mtu, deni linapanda. Ndani ya miezi mitano nilikuwa najidai mwenyewe deni la siku 41 za kufunga. Hata wakopeshaji wa riba wana huruma kuliko nilivyokuwa mimi.

Sasa sikia. Usiku mmoja mama akapiga simu, kesho yake anaingia chumba cha upasuaji. "Mwanangu, niombee." Nikamjibu, "Nitaomba baadaye, mama." Sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa katikati ya kulipa deni, nikaona nikiomba nitamletea mikosi. Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kuniombea mimi. Mgonjwa anamwombea mzima! Alitoka salama, namshukuru Mungu, lakini ile "baadaye" yangu bado imenikaa kooni. Na yule mwalimu anaendelea kufundisha. Sijawahi kumsikia akitaja yeye anadaiwa siku ngapi.

Hilo andiko ulilojengea mpango wako, 2 Petro 3:18, "kueni katika neema", hebu tazama linasemwa na nani. Ni Petro, aliyemkana Bwana mara tatu usiku mmoja. Kule ufukoni, Yohana 21, Yesu aliyefufuka hakumuuliza amefunga siku ngapi tangu jogoo awike usiku ule. Yeye na wenzake walikuta mkate na samaki juu ya makaa, wakaambiwa waje wale. Swali likaja baada ya kula: wanipenda? Mwenye daftari yumo pia kwenye Biblia, usijali, ni yule Farisayo anayejisifu akiomba hekaluni, Luka 18. Anafunga mara mbili kwa juma na zaka anatoa ya kila kitu. Aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki ni yule mtoza ushuru aliyesimama mbali akiomba tu rehema.

Kwa hiyo mimi nimebaki na sheria moja tu: ukianguka, omba siku hiyohiyo, kabla hujajisafisha. Ukiwa bado unanuka. Waebrania 4:16 inasema tukikaribie kiti cha neema ili tupewe rehema. Ukifika umeshajitakasa, rehema unaiombea nini?

Najua kuna mtu atakuja hapa chini na "basi tutende dhambi neema izidi?" Paulo alishamjibu katika Warumi 6, hasha. Na nimjulishe tu kwamba kurudi siku hiyohiyo kunauma kuliko kufunga. Ukifunga siku 3 unafika na kitu mkononi. Ukirudi jioni ileile huna kitu, una aibu tu. Kosa langu la hasira lilianza kupungua hapo, si kwenye zile siku 41. Kufunga bado nafunga, ila silipi deni tena.

Uliuliza pia ratiba ya kumaliza Biblia kwa mwaka, na lingine kuhusu kikundi cha maombi, nadhani. Wengine watakusaidia. Mimi nimekwama kwenye ule mstari wako wa mwisho, kwamba ulianguka Jumapili na unasubiri Jumatatu uanze ukurasa mpya. Mkuu, leo ni Alhamisi. Weka simu chini.