Gari la mkate la babu, na fundi mwenye haraka

SWALI: Shikamoo mzee wa gereji. Nakuandikia kutoka Tanga. Marehemu babu yangu alikuwa na tanuri la mkate, na mikate akiisambaza kwa gari dogo la Morris Minor, lile lenye boksi nyuma. Gari liko bandani tangu nikiwa darasa la tatu. Leo nina watoto wawili. Ubavuni bado linasomeka kwa shida jina la babu, na namba ya simu yenye tarakimu tatu tu. Bwana mmoja wa Mombasa anayekusanya magari ya kale ameliona, akasema nikilifufua atalinunua. Fundi wangu anataka wiki tatu: atie injini ya Toyota, apige rangi nyekundu ya kung'aa, ashone viti vya ngozi. Nimpe kazi?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Usimpe. Simdharau fundi wako, huenda mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, lakini hiyo anayoitaka ni kazi ya gari la kutokea Jumapili. Huyo bwana wa Mombasa Toyota anazo tele. Anachokitaka ni gari la mkate.

Kwanza ulijue. Morris Minor ilionyeshwa London mwaka 1948, kazi ya Alec Issigonis, huyo huyo aliyekuja kubuni lile gari dogo la Mini. Haya ya mizigo, vani na pikapu, yalifuata mwaka 1953. Tazama kioo cha mbele. Kikiwa vipande viwili na ukanda katikati, gari lako ni la kabla ya mwisho wa 1956, na injini yake ya asili ni ya cc 803. Kikiwa kipande kimoja, basi ni cc 948, au 1,098 kuanzia 1962. Fungua boneti, kwenye ukuta unaotenga injini na dereva kuna kibati cha namba. Kisugue kwa kitambaa na mafuta ya taa, si kwa msasa! Namba zake zilingane na kadi ya gari. Kama kadi imepotea, anza kuihangaikia leo hii, kwa sababu itakuchelewesha kuliko kutu.

Kutu nayo. Gari dogo la abiria la Morris halina chasisi ya peke yake, bodi ndiyo chasisi, sakafu ikioza umeoza nayo. Vani ina chasisi yake chini, na lile boksi la nyuma limefungwa kwa bolti, linanyanyuliwa. Hapo una bahati. Lakini Tanga ni chumvi tupu, kwa hiyo lala chini na nyundo ndogo, ugonge chasisi yote toka mbele hadi nyuma, hasa pale springi za nyuma zinaposhikiliwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kama boga.

Usiliwashe, wala usikubali livutwe na trekta "kujaribu". Toa plagi, mimina mafuta kidogo ya injini katika kila silinda, uache siku kadhaa, kisha uizungushe injini kwa mkono. Ikigoma, ongeza mafuta na subira. Injini hizi ni za ukoo ulioanza 1951 na kuendelea kutengenezwa hadi mwaka 2000 ndani ya Mini, kwa hiyo vipuri vyake bado vinapatikana, hasa Uingereza. Sababu ya kumtafutia Toyota siioni, na ili Toyota ikae itabidi wakate sakafu. Wakishakata, hakuna wa kuirudisha.

Kuna mambo matatu yatakayokusumbua usipoambiwa. Umeme wa Morris ni wa kinyume: waya chanya ndio uendao kwenye bodi. Nilipokuwa mwanagenzi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nilifunga betri kama nilivyozoea kwenye magari mengine, na redio ya mteja ikatoa moshi kabla sijafunga boneti. La pili, vitako vya valvu, yaani pale valvu zinapokalia zikifunga, vilizoea petroli yenye madini ya risasi. Petroli hiyo imeondoka kwetu tangu kuanza kwa 2006, baada ya kampeni iliyoongozwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Gigiri, Nairobi. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, ikishafunguliwa, mwambie fundi wa mashine aweke vitako vigumu vya valvu za moshi. Kwa nje havionekani, na hakuna mkusanyaji atakayekulaumu. La tatu ndilo linaloua: kiungo cha chini cha usukani kwenye magurudumu ya mbele huzunguka kwa nyuzi za skrubu, nacho kikikaa bila grisi huchomoka, gurudumu likalala chali gari likiwa barabarani. Vibadilishe vyote viwili hata kama vinaonekana vizima, na baadaye upige grisi kila mwezi. Silinda kuu ya breki, ukiitafuta huioni, iko chini ya miguu ya dereva, sakafuni.

Sasa rangi, na hapa nakuomba unisikilize vizuri.

Miaka mingi iliyopita niliwahi kuletewa vani ya maziwa. Ubavuni ilikuwa na maandishi ya mkono, herufi nene zenye kivuli, zimepauka. Niliona uchafu. Nikapiga msasa mpaka chuma, nikaipaka krimu mara tatu, nikaing'arisha mpaka ukijitazama unajinyoa. Mwenyewe alifurahi, akalipa, akaja na mama yake kuichukua. Bibi yule alilizunguka gari, akapapasa ule ubavu, akauliza, "Na jina la baba yenu mmeliweka wapi?" Mwanawe akanitazama mimi. Mimi nikatazama spana.

Basi wewe usiguse ubavu ule mpaka umeupiga picha asubuhi, jua likiwa chini na kuupiga kwa pembeni. Mikwaruzo ya brashi ya mchoraji itajitokeza. Kisha bandika karatasi ya kupitisha mwanga, ufuatishe kila herufi kwa penseli, na namba ya simu pia. Osha kwa maji na sabuni laini, basi. Rangi ya asili ikiwa bado imeshika, iache na mapengo yake, zuia tu kutu. Sehemu zilizokwisha kabisa ndizo zipakwe, kwa rangi iliyopimwa kutoka pale jua halikufika, kwa mfano nyuma ya kiti. Na mtafute mchora vibao wa mkono. Bado wapo wachache, wengi tumewapoteza kwa stika za kompyuta. Viti virudishiwe kama vilivyokuwa. Babu yako alikalia ngozi lini, na unga wote ule?

Kuhusu huyo mnunuzi: Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo kabla hujatumia hata shilingi kwa ahadi yake, mwambie akuonyeshe kwa maandishi atalivushaje pale mpakani Horohoro. Ukipata mtu wa Uingereza, huko gari lililotimiza miaka 30, lisilobadilishwa chasisi wala injini, na ambalo aina yake haitengenezwi tena, huweza kuhesabiwa forodhani kuwa kitu cha kihistoria na kutozwa kodi nafuu. Sasa mwambie fundi wako hiyo Toyota ingekugharimu nini. Vani, kumbuka, zilifanyishwa kazi mpaka zikafa, ndiyo maana zilizobaki hutafutwa.

Ukiniuliza mimi, wala nisingeliuza. Lakini hukuuliza.

SWALI: Mzee, nina pikapu ya Peugeot 404 ya kubebea samaki, nimeinyoosha vizuri. Niichore namba za mashindano ya Safari Rally ili ipande bei? (Mwanza)

JIBU: Hapana. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ile miwili ya katikati aliyekuwa kwenye usukani ni Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Lakini yalikuwa magari ya abiria, si pikapu, na anayekusanya atalijua hilo kabla hajazima injini ya gari alilokuja nalo. Andika "Samaki wa Mwanza", weka na ile mizani ya kuning'iniza nyuma kama bado unayo.