Maswali ya Wasomaji: Gemu za Kukanyaga Mishale

Shikamooni. Nina miaka 17, naishi Sinza. Nataka kuanza gemu za kucheza dansi kwa kukanyaga mishale sakafuni. Nimepewa laptopu ya zamani na kaka, hela ya mashine kubwa sina. Nianzie wapi, na nisitupe hela kwenye nini?

Marahaba, mwanetu. Laptopu hiyo inatosha. Pakua StepMania au ndugu yake mpya, ITGmania. Zote mbili ni za bure, hazidai kompyuta yenye nguvu, na ukishapakua nyimbo huhitaji bando kuzicheza. Mishale inapanda kutoka chini ya skrini; ikigusa ile iliyotulia juu, unakanyaga.

Nyimbo huwekwa kwenye folda iitwayo “Songs”, na hapo ndipo wengi hukwama siku ya kwanza. Ndani ya “Songs” lazima kuwe na folda ya kundi, na ndani ya kundi ndiyo iwepo folda ya wimbo, yenye faili la sauti na faili la hatua linaloishia na .sm au .ssc. Ukitupia folda ya wimbo moja kwa moja ndani ya “Songs”, haitaonekana. Unda folda yoyote, iite hata “Zangu”, uzihamishie humo.

Hela yako iende kwenye mkeka wa gemu, ule wenye mishale unaochomekwa kwenye kompyuta, na usilipe kabla ya kuujaribu. Nenda Kariakoo na laptopu yako. Chomeka mkeka, fungua dirisha la Run la Windows, andika joy.cpl, na ukanyage mishale mmoja mmoja ukiangalia taa za vitufe. Kisha kanyaga kushoto na kulia kwa pamoja. Taa zote mbili zikiwaka, mkeka ni mzima. Zisipowaka, adapta (kifaa cha kuunganisha mkeka na kompyuta) inaichukulia mishale kama usukani mmoja: kushoto na kulia vinafutana, na kila gemu itakapokudai uruke kwa miguu yote miwili utahesabiwa umekosa. Tatizo hili liko sana kwenye mikeka ya pleistesheni za zamani inayouzwa na adapta ya bei rahisi. Chukua wenye USB yake.

Kwenye marumaru mkeka mwepesi utateleza na kukunjika, na kukunjika ndiko kunakoua nyuzi za ndani. Mwambie seremala akukatie plaiwudi ya milimita 12 au 18, izidi mkeka kwa sentimita 5 kila upande. Bandika mkeka juu yake kwa selotepu ya pande mbili, pembeni tu, usipake gundi katikati. Vaa soksi, nyayo zenye jasho huukokota mkeka, na viatu huutoboa. Ukimaliza futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukaushe kivulini. Usiuanike juani.

Sasa miguu. Anza na nyimbo za ngazi ya 1 hadi 3. Kosa la karibu kila anayeanza ni kurudisha mguu katikati baada ya kila mshale. Ukifanya hivyo kila mshale unakugharimu hatua mbili, na wimbo ukiongeza kasi unaachwa. Mguu ubaki pale ulipokanyaga. Gemu haikukati alama kwa kuusimamisha juu ya mshale. Mguu mwingine ndio uende kwenye mshale unaofuata, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayetembea. Uzito uwe mbele ya nyayo, magoti yamelegea.

Jambo la mwisho huwashangaza wengi: ongeza kasi ya mishale kwenye skrini. Mpangilio wa 1x huonekana wa kirafiki, lakini mishale inabanana hadi huwezi kuisoma. Weka C250, yaani kasi moja isiyobadilika kwa kila wimbo, au zidisha kwa 1.5 au 2. Muziki haubadiliki hata chembe, inayobadilika ni nafasi kati ya mshale na mshale.

Habari zenu. Nimeunganisha laptopu kwenye televisheni, sauti natoa kwenye spika ya Bluetooth. Nakanyaga sawasawa na mdundo lakini gemu inaniambia nimechelewa, kila mara. Mke wangu naye hivyohivyo. Mkeka mbovu? — Msomaji, Tabata

Mkeka hauna kosa, ndugu. Kosa ni spika. Kwa mpangilio wa kawaida wa StepMania, alama ya juu kabisa inataka mguu wako uwe ndani ya milisekunde 22.5 kabla au baada ya pigo, na ukipita milisekunde 180 umekosa kabisa. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti milisekunde 100 hadi 200, mara nyingine zaidi. Yaani unakanyaga sawa kabisa na unachokisikia, ila unachokisikia kimeshapita.

Chomeka spika kwa waya. Hilo pekee linamaliza sehemu kubwa ya tatizo. Kisha chukua rimoti ya televisheni, tafuta kwenye mipangilio ya picha hali inayoitwa “Game”, uiwashe. Bila hiyo, televisheni inajipa muda wa kuipamba picha kabla ya kukuonyesha, na mishale inafika imechelewa.

Kilichobaki kitasawazishwa na gemu yenyewe. Chagua wimbo wenye ngoma inayosikika wazi na ambao unaumudu bila kukosa. Ukiwa unacheza, bonyeza F6 mara mbili hadi maneno “AutoSync Machine” yatokee. Cheza kwa kusikiliza, usifukuzie mishale kwa macho. Gemu itapima wastani wa miguu yako na mwisho wa wimbo itakuuliza kama ihifadhi, kubali. Rudia zoezi kila unapobadilisha spika au televisheni.

Namna ya kujua kama tatizo ni mashine au ni wewe: ukichelewa kila mara kwa kiasi kilekile, ni mashine. Ukiwahi hapa na kuchelewa pale, ni miguu, na dawa yake ni mazoezi.

Tunakaa ghorofa ya pili, Upanga. Binti yangu wa miaka 9 anapenda sana, ila jirani wa chini ameshapanda kulalamika. Nifanyeje? — Mama wa watoto wawili

Mama, pole, na jirani naye ana haki. Plaiwudi iliyolala juu ya sakafu tupu hupiga kelele kama ngoma. Weka chini yake vipande vya mpira vya kuunganisha, vile vya kuchezea watoto, vyenye unene wa sentimita 1 hadi 2. Usiweke godoro wala sponji laini. Kifundo cha mguu kitayumba na mtoto atateguka. Halafu mfundishe kugusa mshale badala ya kuupiga: mkeka unahitaji mguso tu, na anayepiga kwa kisigino anachoka mapema bila kupata alama hata moja ya ziada. Rudi kwa jirani mkubaliane saa. Baada ya saa 2 usiku, mkeka uwekwe kando ukapumzike.

Kama bado ni shida, jaribu Just Dance ya Ubisoft, iliyoanza mwaka 2009. Ile kwa kawaida haiangalii miguu, hufuata mkono wenye kidhibiti au simu, kwa hiyo anaweza kucheza bila kuruka. Simu ishikwe mkono wa kulia, kwa nguvu.

Kwenye sehemu ya michezo ya duka kubwa nimekuta mashine ina mishale mitano, ya pembeni na wa katikati. Nyumbani nimezoea minne. Nimelipa, nimeaibika. Ni gemu tofauti? — Msomaji, Mbezi

Tofauti kabisa, usijilaumu. Ya minne, mbele, nyuma, kushoto na kulia, ni ya ukoo wa Dance Dance Revolution, iliyotolewa na Konami ya Japani mwaka 1998. Ya mitano ni Pump It Up ya Andamiro ya Korea Kusini, ya mwaka 1999: pembe nne na kitufe cha katikati. Mwili unazunguka zaidi, na katikati si mahali pa kupumzikia bali ni mshale kamili. Unaweza kujizoeza kuisoma nyumbani: kwenye StepMania nenda “Select Game”, chagua “pump”, ucheze kwanza kwa vitufe vya kibodi.

Kabla ya kulipa tena, angalia aliyetangulia: kuna mshale anaoukanyaga mara mbilimbili? Ukiuona, chagua upande wa pili wa mashine na umwambie mhudumu. Vaa viatu vyenye soli bapa. Nondo iliyo nyuma ni ya kujishikilia usianguke. Ukiizoea mapema hutajifunza kubeba uzito wako. Wimbo wa kwanza uwe rahisi kuliko uwezo wako, maana kwenye mashine nyingi ukifeli mapema mchezo unaisha na hela imekwenda.

Nataka kutengeneza faili la hatua za StepMania kwa wimbo wa singeli. Nikianza mishale iko sawa, wimbo ukifika mwisho imeachana na muziki. — Msomaji, Manzese

Hapo hesabu ya mapigo kwa dakika haijakaa sawa. Tuseme wimbo una mapigo 240.5 na wewe umeandika 240. Kwa dakika 3 utakuwa nyuma kwa pigo moja na nusu. Pengo likiwa lilelile mwanzo hadi mwisho, hesabu ni sahihi, rekebisha mahali wimbo unapoanzia tu. Singeli ya kompyuta huwa haiyumbi, kwa hiyo jaribu kwanza namba kamili. Muziki wa dansi uliopigwa laivu huyumba, na utalazimika kubadilisha namba kila baada ya sehemu.

Singeli nyingi huanzia mapigo 200 na kupanda hadi karibu 300. Kwa 240, mshale kwenye kila pigo ni hatua 4 kwa sekunde, kazi ya mzoefu. Kwa wanaoanza weka mshale kila baada ya mapigo mawili, hatua 2 kwa sekunde. Kasi ya wimbo itabaki masikioni na miguu itaweza kufuata. Ile mipigo ya haraka mfululizo iachie ngazi ya juu, na hata humo usiijaze wimbo mzima. Chagua sehemu moja ambayo MC amenyamaza na ala zimebaki peke yake, uijaze hiyo.