Jibu: kwenda kuona Pride and Prejudice* (*sort of), ile tamthilia ya kuchekesha iliyotokana na kitabu cha Pride and Prejudice, lazima uwe umesoma kitabu?
Hapana mkuu, hata kama Jane Austen, mwandishi wa hicho kitabu, hujawahi kumsoma utaelewa tu. Wanaosimulia ni mahausigeli, yani wale ambao kwenye kitabu cha 1813 huwasikii sana, na hao hao wanawake watano ndo wanacheza kila mtu mpaka Darcy mwenyewe, yule tajiri mwenye maringo. Afu ni karaoke bana, Darcy akishaleta maringo yake Elizabeth, yule dada mhusika mkuu, anashika maiki anamchana na wimbo wa You're So Vain, mbavu huna! Ukiujua wimbo wa Lady in Red wa Chris de Burgh utacheka zaidi akitokea Lady Catherine de Bourgh, shangazi yake Darcy, cheki majina yanavyofanana. Matusi yapo, so usiende na bi mkubwa. Ilianzia Glasgow 2018, na 2022 ikabeba Olivier, tuzo kubwa ya maigizo ya Uingereza.